Raha ya kufungwa na wanaoiuza

Katika mchezo wa nyoka uliokuja na simu za Nokia, karibu kila aliyeshika simu aliishia mahali pamoja: kifo. Nyoka anakula nukta, anarefuka, na kadiri anavyorefuka ndivyo nafasi ya kugeukia inavyopungua, mpaka anagonga ukuta au anajing'ata mwenyewe. Anayecheza vizuri anajiongezea mkia, na mkia huohuo ndio utakaommaliza. Taneli Armanto, mhandisi wa Kifini, aliutengeneza kwa ajili ya Nokia 6110 mwaka 1997. Simu zilizofuata, 3310 ya mwaka 2000 na 1100 ya mwaka 2003, zikausambaza kutoka Kariakoo hadi Kisumu, na watu wazima wenye heshima zao wakawa wanapitilizwa vituo vya daladala na matatu wakiwa wameinamia kioo kidogo cha kijani, wakifa na kuanza upya.

Kuna jambo dogo kuhusu mchezo ule ambalo wengi waliocheza hawakuliona. Armanto alipoona kwamba kwenye kasi kubwa nyoka anakufa upesi mno, aliongeza kuchelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kabla ya kugonga ukuta, ili mwenye kidole kizito apate upenyo wa mwisho wa kugeuka. Maana yake ni kwamba hata kile kifo cha bure kwenye foleni ya benki kilikuwa kimepimwa. Mtu alikaa mezani akaamua mchezaji afe haraka kiasi gani, na aumie kiasi gani.

Uamuzi huo ndio moyo wa biashara nzima ya gemu. Wazazi na walimu wengi wa Afrika Mashariki wanapozungumzia gemu huuliza saa: mtoto anacheza kwa muda gani, anaacha masomo kwa muda gani. Ni swali la haki, lakini linaziweka gemu zote kapu moja, wakati zinatofautiana sana katika jambo lenye uzito zaidi: mchezaji akishindwa nini kinafuata, na nani anafaidika.

Mwaka 2013 mtafiti wa Kidenmaki, Jesper Juul, alichapisha kitabu kiitwacho The Art of Failure, akieleza fumbo moja. Binadamu hukwepa kushindwa. Anayecheza gemu hushindwa mara kwa mara. Na bado watu hulipa ili wacheze. Juul analinganisha fumbo hili na lile la kale la wanafalsafa waliojiuliza kwa nini mtu aende kwa hiari yake kutazama tamthilia itakayomliza. Tofauti ni kwamba kwenye tamthilia anayeanguka ni mfalme jukwaani, na mtazamaji anafuta machozi akarudi kwake. Kwenye gemu aliyeanguka ni wewe, na hakuna wa kumsukumia lawama.

Maelezo ya Juul ni mazuri kwa sababu hayajaribu kuyaficha maumivu. Kabla ya kuiwasha gemu, mtu hakuwa na upungufu wowote wa kutoweza kumrusha Mario juu ya shimo. Gemu inampa upungufu huo, kisha inamwahidi kwamba anaweza kuuziba kwa mikono yake mwenyewe. Ahadi ikiwa ya kweli, hasira ya kushindwa inageuka kuwa hamu. Ikiwa ya uongo, inabaki hasira tupu.

Ahadi hiyo ilianza kuuzwa kwa sarafu. Mwaka 1972 kampuni changa ya Atari iliweka mashine ya majaribio ya Pong katika baa ya Andy Capp's mjini Sunnyvale, California. Haikupita muda mashine ikagoma. Fundi aliyeitengeneza, Allan Alcorn, amesimulia kwamba alipoifungua alikuta kisanduku kimefurika sarafu. Mmoja wa waanzilishi wa Atari, Nolan Bushnell, alikuwa na kanuni iliyoongoza kizazi kizima cha mashine hizo: mchezo uwe rahisi kuujifunza na mgumu kuubobea. Hesabu yake ilikuwa wazi. Mchezaji asiyeshindwa anaikalia mashine jioni nzima kwa senti 25. Anayeshindwa haraka mno anaondoka amenuna na harudi. Mwenye faida ni yule anayeshindwa huku akiamini kwamba amebakiza kidogo tu.

Gemu nyingine ziligundua utamu huo kwa bahati. Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders mwaka 1978 huko Japani, kompyuta yake ilikuwa dhaifu kiasi kwamba kuchora kundi zima la wavamizi kuliichosha. Kila mvamizi alipouawa, mzigo ulipungua, na waliobaki wakaanza kukimbia. Nishikado angeweza kulirekebisha hilo. Aliliacha, na hivyo mchezaji aliyekaribia kushinda ndiye aliyejikuta katika hali ngumu zaidi, jasho likimtoka kwa ajili ya mvamizi mmoja wa mwisho.

Gemu zilipoingia majumbani, sarafu ikatoweka lakini hesabu ikabaki. Huko Marekani maduka ya kanda za video yalikuwa yakikodisha gemu kwa siku chache, na mtoto hodari aliweza kuimaliza gemu wikiendi moja bila mzazi kuinunua. Gemu ya The Lion King ya mwaka 1994, ya mwanasimba mwenye jina la Kiswahili, ni mfano wa yaliyofuata. Louis Castle, mmoja wa wakuu wa studio ya Westwood iliyoitengeneza, alieleza miaka mingi baadaye kwamba Disney walitaka ugumu uongezwe, ili aliyekodi akwame na kulazimika kununua. Watoto waliokwama hatua ya pili, pale nyani wanapomrusha Simba huku na huko na asiyewangurumia kwa mpangilio sahihi hafiki popote, walidhani wao ni wazito. Uzito wao ulikuwa umepangwa.

Ugumu wenyewe si dhambi. Ushahidi mzuri ulitoka Japani mwaka 2009, wakati Hidetaka Miyazaki wa kampuni ya FromSoftware alipotoa Demon's Souls. Shuhei Yoshida, aliyekuwa akiongoza studio za Sony, aliijaribu kabla haijatoka, akahangaika bila kusonga mbele, akahitimisha kwamba ni gemu mbaya. Sony hawakuitoa Marekani. Kampuni nyingine, Atlus, ndiyo iliyoichukua. Yoshida alikuja kukiri hadharani kwamba walikosea. Iliyofuata, Dark Souls ya mwaka 2011, ikawa jina linalotajwa kila mahali panapozungumzwa gemu ngumu, na Elden Ring ya mwaka 2022, yenye damu ileile, iliuza nakala zaidi ya milioni 25 katika miaka miwili na ushei.

Inafaa kutazama kwa karibu nini hasa hutokea mtu anapokufa kwenye Dark Souls. Maandishi mekundu yanamtangazia kifo chake. Anarudishwa kwenye moto wa mwisho aliopumzikia. Roho zote alizokusanya, ambazo ndizo fedha za mchezo ule, zinabaki chini pale alipoangukia. Maadui wa kawaida aliowaua njiani wamefufuka. Anayo nafasi moja ya kuzifuata roho zake. Akiuawa tena kabla hajazifikia, zimekwenda. Inasikika kama uonevu, ila kuna jambo moja linaloigeuza hesabu: maadui wamerudi mahali palepale. Mwenye mkuki aliyejificha nyuma ya nguzo atakuwa nyuma ya nguzo ileile, na atachoma kwa mwendo uleule. Mchezaji hakurudi na roho zake, lakini amerudi na habari. Safari ya pili anajua pa kuinua ngao, na mara nyingi anapita pale palipomuua bila hata kupunguza mwendo.

Kushindwa kwa namna hiyo kuna anwani. Mtu anajua alikosea wapi.

Vibanda vya gemu vya uswahilini vinaifundisha tofauti hiyo bila kitabu. Chumba kimoja, feni inayolalamika, runinga mbili au tatu, nyingine za chogo, benchi limejaa, na foleni ya wanaosubiri. Utaratibu unaojulikana ni mshindi anabaki, aliyefungwa anaachia pedi na kutoa hela ya mchezo. Kufungwa hapo kunafanyika mbele za watu, tena watu wenye midomo. Aliyepigwa tano bila hana pa kujificha, kwa hiyo jambo la kwanza analofanya ni kuinyanyua pedi na kuionyesha: hii haipasi, hii imelegea, ukibonyeza kulia inakwenda kushoto. Mwenye kibanda naye ana jibu lake tayari, kwamba pedi hiyohiyo ndiyo iliyoshinda mechi tatu zilizopita. Benchi linacheka, mtu anamkumbusha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na kijana anarudi mwisho wa foleni akipanga upya ulinzi wake kichwani.

Utetezi wa pedi mbovu unachekesha, lakini unagusa jambo ambalo wanasaikolojia wamelipima. Kila anayeshindwa hutafuta pa kuweka lawama: kwake, kwa kifaa, au kwa bahati. Akiiweka kwake, anaweza kujirekebisha. Kama kweli pedi ni mbovu, hana la kurekebisha, na hapo ndipo kero inapochacha.

Mwaka 2014 Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walitoa matokeo ya majaribio kadhaa kuhusu hasira zitokanazo na gemu. Katika jaribio moja, wanafunzi waliambiwa watumbukize mkono kwenye maji ya baridi kali kwa sekunde 25, na wakaaminishwa kwamba muda huo umepangwa na aliyewatangulia. Kisha wakacheza Tetris, baadhi toleo rahisi, baadhi toleo gumu. Mwishoni kila mmoja aliombwa apange mtu wa baada yake akae na mkono majini kwa muda gani. Waliocheza toleo gumu walimpangia mwenzao, kwa wastani, sekunde 10 zaidi kuliko waliocheza rahisi.

Tetris haina bunduki wala damu. Ina vitofali vinavyoshuka, basi. Kwa miaka mingi mjadala wa gemu na tabia za vijana ulizunguka kwenye picha za mauaji, lakini watafiti hawa waliona kwamba kinachowasha hasira zaidi ni mtu kuzuiwa kuonyesha uwezo wake, iwe gemu ina vita au haina. Walipovuruga vitufe vya kuendeshea mchezo, hasira zilipanda vilevile. Kijana wa kibandani anayelaani pedi hajasoma utafiti huo, lakini anasema jambo lilelile.

Utafiti mwingine wa mwaka huohuo unaonyesha upande wa pili. Tom Stafford wa Chuo Kikuu cha Sheffield na Michael Dewar walichambua rekodi za watu zaidi ya 850,000 waliocheza gemu ndogo ya mtandaoni iitwayo Axon. Waligundua kwamba wale ambao matokeo yao ya mwanzo yalikuwa yakipanda na kushuka sana, leo juu, kesho chini kabisa, walikuja kupata alama za juu zaidi baadaye kuliko wale walioanza kwa matokeo ya kulinganalingana. Maelezo wanayoyaelekea ni kwamba wenye kuyumba walikuwa wakijaribu njia tofauti, wakivuna kufeli kwingi pamoja na elimu yake, wakati wengine waling'ang'ania njia moja iliyowafaa kidogo.

Watengenezaji wazuri wa gemu wamelielewa hili muda mrefu. Celeste, gemu ya mwaka 2018 kuhusu binti anayepanda mlima huku akipambana na hofu zake mwenyewe, inamuua mchezaji mamia ya mara, wengine maelfu. Lakini inamrudisha papo hapo, hatua chache tu nyuma ya alipoanguka, kabla hasira haijapata muda wa kukaa. Vifo vinahesabiwa, na gemu yenyewe inamhimiza mchezaji ajivunie idadi hiyo. Pia ina sehemu ya msaada: anayetaka anaweza kupunguza kasi ya mchezo mzima, au kujipa uwezo zaidi wa kuruka, bila kukejeliwa. Hades ya mwaka 2020 ikaja na yake: anayewasha kinga maalumu anapunguziwa madhara kwa asilimia 20, na kila akifa anaongezewa asilimia 2.

Misaada ya namna hii imezua ugomvi mkali. Mwaka 2019, FromSoftware walipotoa Sekiro bila njia yoyote rahisi, wapenzi wa gemu waligawanyika. Upande mmoja ulisema ukiuondoa ugumu umeondoa mchezo. Mwingine uliuliza kuhusu watu wenye ulemavu wa mikono, au wasioona vizuri, ambao kwao kufungiwa nje hakufundishi chochote. Hoja ya kwanza ina uzito pale mtengenezaji anapokuwa na ugumu mmoja aliousuka kwa makini. Lakini inapotumiwa kumzuia mwingine asipewe ngazi, inakuwa choyo. Aliyeupanda mlima wa Celeste kwa miguu yake hajapokonywa kitu na jirani aliyewasha msaada.

Kufikia hapo, kushindwa kunaonekana kuwa rafiki. Lakini kuna tajiri mwingine aliyekaa mlango wa nyuma.

Mwaka 2012 kampuni ya King ilitoa Candy Crush Saga. Mchezaji anapewa roho tano. Akishindwa levo, roho moja inaondoka na inachukua dakika 30 kurudi. Zikiisha zote, anaweza kusubiri, kuomba kwa marafiki, au kulipa. Kipingamizi si ufundi wake tena, ni saa ya ukutani na mfuko wake. Ile sarafu ya baa ya Sunnyvale imerudi, safari hii ndani ya simu ya mama mwenye nyumba, na inafanya kazi saa 24. Mwaka 2016 Activision Blizzard waliinunua King kwa dola bilioni 5.9.

Wapo walioshtushwa na nguvu ya mtego walioutega. Dong Nguyen, kijana wa Hanoi, alitoa Flappy Bird mwaka 2013: ndege mmoja, mabomba ya kijani, kidole kimoja, na vifo vya kila sekunde chache. Mwanzoni mwa 2014 iliripotiwa kumwingizia dola 50,000 kwa siku kutokana na matangazo. Februari mwaka huohuo akaiondoa sokoni kwa hiari yake, akisema imegeuka kuwa uraibu. Ni wachache katika biashara hii waliofuata nyayo zake.

Kwenye gemu za soka mambo yamekwenda mbali zaidi. Ndani ya FIFA, ileile inayopendwa vibandani, kuna sehemu ambayo mchezaji hujenga timu kwa kununua pakiti zilizofungwa bila kujua ndani yake yumo nani. Aliyefungwa na mwenye kikosi kikali anashawishika kuamini kwamba tatizo lake ni pakiti, si ulinzi wake. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilichunguza mtindo huo kwenye gemu kadhaa, FIFA 18 ikiwemo, ikasema ni kamari. Mapema mwaka uliofuata kampuni ya EA, iliyotengeneza gemu hiyo, ikaacha kuuza sarafu za kununulia pakiti hizo nchini humo.

Hatua moja mbele ya pakiti ndiyo dubwi, mashine ya kamari iliyo kwenye kona ya duka, na kindege kwenye simu. Kwenye kindege hicho, Aviator, ndege inapaa, namba inapanda, na mwenye dau anatakiwa atoe pesa kabla ndege haijatokomea. Inavaa sura ya gemu: kuna kitufe, kuna kuwahi, kuna kuchelewa. Kijana anayeliwa anajiambia kwamba alichelewa kidogo tu, kesho atawahi. Lakini mahali ndege itakapopotelea pameshaamuliwa na namba za bahati nasibu kabla haijapaa. Mwenye mkuki hayupo nyuma ya nguzo ileile. Kucheza mara elfu moja hakumfundishi mtu chochote kuhusu safari inayofuata.

Ubongo hauitambui tofauti hiyo kwa urahisi. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwapima watu waliokuwa wakicheza mashine ya bahati nasibu, wakaona kwamba kukosa kwa kukaribia kunaamsha sehemu za ubongo zinazoitikia ushindi. Washiriki walisema kukosa padogo kunauma kuliko kukosa kabisa, ila walipojichagulia wenyewe alama ya kuchezea, ndiko kulikowapa hamu zaidi ya kuendelea. Kwenye Dark Souls hamu hiyo ina kazi ya kufanya. Kwenye dubwi inatumikia sanduku la mwenye mashine.

Sheria za Tanzania na Kenya zinakataza kamari kwa walio chini ya miaka 18. Roho za Candy Crush na pakiti za wachezaji ziko nje ya mjadala huo kwa sehemu kubwa, na mtoto wa miaka 11 anazikuta kwenye simu ya baba iliyounganishwa na M-Pesa au kadi ya benki. Hapo ndipo wasimamizi wa michezo ya kubahatisha wanapopaswa kutupia jicho, kama Ubelgiji walivyofanya, badala ya kusubiri malalamiko ya wazazi waliokuta salio limekwisha. Kufunga vibanda vya gemu, jambo ambalo baadhi ya viongozi wa mitaa hulikimbilia kila matokeo ya mitihani yakiwa mabaya, kunampokonya kijana mahali ambapo kufungwa kunamgharimu mia chache na kicheko cha wenzake, na kumwacha na simu.

Mzazi asiyejua gemu hata moja naye ana la kufanya. Akae karibu na mwanawe mpaka afungwe, kisha atazame kioo kinamwambia nini. Kikimrudisha mwanzo wa levo, kuna uwezekano mkubwa anafundishwa kitu. Kikimwonyesha bei, hapo pana mazungumzo ya kufanya, kuhusu mfuko wa nani unaolipa na kwa nini gemu iliamua afungwe pale.